Shosho wa Sauti ya Pili

Neno la kamati ya kwaya katika Misa ya Jubilei ya miaka 50





Ratiba imetupa dakika kumi na tano, na mwenye kengele tunamwona pale ameshaiweka karibu. Tulipoulizwa ni nani tungependa akumbukwe kwa neno la pekee leo, majina hayakuwa haba. Kwaya hii imekuwa na walimu sita na wenyeviti zaidi ya hao, na picha zao mtazikuta katikati ya kijitabu hiki. Shosho hamtamwona katika picha hizo. Kila mpiga picha alipokuja, yeye ndiye aliyekuwa akitushikia mikoba. Ipo moja tu, ya sikukuu ya mavuno, ambapo pembeni kabisa unaonekana mkono umeshika birika. Wajukuu wake wanasema mkono huo ni wake, wameutambua kwa pete. Basi tukaona picha ambayo haikupigwa tuieleze kwa maneno.

Wengi wenu mlimkuta akiwa tayari mzee, mkadhani labda alizaliwa hapa kanisani. Alizaliwa Murang'a, akabatizwa huko na wamisionari wa Consolata, akajifunza kuimba Misa kwa Kilatini akiwa msichana mdogo bila kuelewa hata neno moja. Alikuja Nairobi baada ya hali ya hatari kuondolewa mwaka 1960, akimfuata mumewe aliyekuwa kibarua wa Reli, wakaishi katika nyumba za Reli kule Makongeni. Mume alifariki mapema. Watoto watano aliwalea kwa mboga alizokwenda kuzinunua Marikiti alfajiri na kuziuza mtaani. Hayo familia wanayajua kuliko sisi, nao wameandika ukurasa wao. Sisi tutasema ya kwetu.

Alipenda kutuambia kwamba mwaka 1963 alipata uhuru mara mbili katika mwezi mmoja. Tarehe 4 Desemba, kule Roma, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati juu ya liturujia, iliyofungua njia ya Misa kusaliwa kwa lugha za watu. Siku nane baadaye, tarehe 12, bendera ya Kenya ikapandishwa. "Ule wa serikali tuliucheza usiku mmoja," alikuwa akisema. "Huu mwingine ninauimba mpaka leo." Siku ambayo ngoma na kayamba vilisikika mara ya kwanza katika Misa yetu, wapo wazee waliosimama wakatoka nje. Yeye alisogea mbele.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa akiandika nota za do-re-mi ubaoni kwa chaki. Shosho hakuzisoma. Biblia alisoma, hesabu ya mboga alisoma, lakini nota alisema ni sisimizi waliopanga foleni. Alisimama kando ya ubao akimtazama mwalimu mdomoni. Mwalimu akiimba sauti ya pili mara moja, mara mbili, ya tatu Shosho alikuwa nayo, na akishaipata haikumtoka tena. Wenzake waliosoma vizuri walikuwa wakisahau wimbo ukikaa mwaka mmoja, kwa sababu walikuwa wameuacha kwenye karatasi.

Wasio wanakwaya watuwie radhi tueleze jambo dogo hapa. Sauti ya kwanza ndiyo mnayoisikia ninyi. Ndiyo mnayoondoka nayo na kuiimba mkiosha vyombo nyumbani. Sauti ya pili hakuna anayeosha vyombo nayo. Inakaa katikati, mara nyingi juu ya nota moja kwa muda mrefu, ikingoja wenzake wapande na kushuka. Ukiisikia peke yake utafikiri ni mtu aliyesahau wimbo. Lakini iondoe, na kwaya itasikika imekonda, hata kama hutajua kilichopungua ni nini. Tafadhali likumbukeni hilo, maana tutalihitaji mbele.

Na kwa kuwa leo ni siku ya furaha, tuseme pia kwamba kwa miaka yote hiyo Shosho aliimba "areruya". Herufi ile ya Kiswahili na ulimi wa Murang'a havikupatana. Mwalimu wa pili alijaribu kumrekebisha. Mwalimu wa tatu aliacha. Kufikia mwalimu wa nne, safu nzima ya sauti ya pili ilikuwa inaimba "areruya", pamoja na dada zetu wa kutoka Kakamega na Siaya.

Sasa tuingie katika kazi zake.

Majoho yetu ni 46. Yaliyo meupe mnayaona leo, na mnajua vumbi la Eastlands. Kila Alhamisi, kwa miaka ambayo hatukuihesabu, Shosho aliyafua nyumbani kwake. Maji ya bomba nayo mnayajua: yanakuja yanapotaka, mara nyingi usiku wa manane, na yeye aliamka kuyakinga katika mitungi ili Alhamisi isimkute bila maji. Ijumaa alipiga pasi, kwa pasi ya makaa, hata baada ya umeme kuingia nyumbani kwake, kwa sababu alisema ya umeme haina uzito wa kutosha kulaza mikunjo ya mabega. Mweka hazina alipompelekea pesa za sabuni alizipokea, akamshukuru, na Jumapili tukaziona ndani ya kikapu cha sadaka. Tulizitambua kwa sababu mweka hazina alikuwa amezibana na kipini cha karatasi, naye hakukitoa.

Kufua majoho ni kazi ambayo mtu mwingine angeifanya kwa mikono tu. Yeye aliifanya kwa macho pia. Kulikuwa na kijana wetu wa sauti ya tatu, yuko hapa leo na ametupa ruhusa ya kusema hili bila kumtaja. Shosho aligundua kwamba kola ya joho lake haichakai tena kama zamani. Shingo imepungua. Hakuuliza mtu. Wiki iliyofuata alimwita aje amsaidie kubeba mitungi, kwa kuwa mgongo unamuuma, na baada ya kubeba ilibidi ale, kwa maana mzee hawezi kumwacha mgeni aondoke hivihivi. Mgongo wa Shosho uliuma miezi saba. Ni baadaye sana kijana huyo alipotuambia kwamba alikuwa amefutwa kazi, na kwamba kile kilikuwa chakula chake cha pekee siku hiyo, na siku nyingi nyingine mgongo huo ulipouma. Alipopata kazi, mgongo ukapona.

Kisha chai. Wanaojua kwaya yetu wanajua chai yetu. Mazoezi ya Jumamosi yangeanza saa nane, na saa tisa na nusu alikuwa mlangoni na sufuria yake kubwa, chai ya tangawizi, na nduma au viazi vitamu katika kiondo. Mwezi wa Agosti 1985, Kongamano la Ekaristi la kimataifa lilipofanyika hapa Nairobi na Papa Yohane Paulo wa Pili akaja kusali Misa ya kulifunga pale Uhuru Park, kwaya yetu iliondoka kwa miguu kukiwa bado giza, tukafuata barabara ya Jogoo kuelekea mjini. Hatukuwa wa kuimba siku hiyo, tulikuwa waumini tu katika umati. Shosho alibeba chupa mbili kubwa za chai. Kabla Papa hajafika chai ilikuwa imekwisha, na wengi wetu hatukuionja, kwa sababu alikuwa amewagawia watu tusiowajua waliokuwa wamelala pale kwenye nyasi usiku kucha. Tulinung'unika. Akatuuliza, "Mlitaka tunywe peke yetu, hapa, leo?" Waliokuwepo wanasema hapakuwa na aliyejibu.

Lakini chai yake ambayo sisi hatuwezi kuisahau ni ya Januari 2008.

Mnaokumbuka mwezi huo hamhitaji kuelezwa. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 27 Desemba, na tangu matokeo yatangazwe mitaa yetu ilikuwa imegawanyika. Kwaya hii, yenye watu wa kila kona ya Kenya, ilikuwa imegawanyika pia, tusijidanganye. Jumapili ya kwanza ya mwaka tulikuwa watu tisa. Jumapili ya pili tulikuwa kumi na mmoja, na tulisimama mbalimbali. Wapo waliosema kwamba hawawezi kusimama safu moja na mtu fulani. Wapo waliokuwa wanaogopa tu kupita njiani, na walikuwa na sababu.

Kwa kawaida Shosho alileta majoho kanisani Jumapili asubuhi katika mkokoteni wa mjukuu wake. Wiki hiyo alituma ujumbe kwa kila mmoja, mwingine kwa simu, mwingine kwa mtoto wa jirani, kwamba mkokoteni umeharibika, na anayetaka joho lake aje alichukue mwenyewe mlangoni, Jumamosi, saa tisa. Alijua kwamba mtu anaweza kukataa mwaliko wa mkutano wa amani, lakini joho lake hawezi kumwachia mwingine. Walikuja mmojammoja, mchana, wakitazama nyuma. Ndani wakakuta chai. Na majoho yalikuwa hayajapigwa pasi, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Ngojeni kidogo," alisema, "makaa yamechelewa kushika."

Alipiga pasi polepole siku hiyo. Majoho 46, moja baada ya jingine, na alianza na ya watu ambao hawakuwa wamefika. Chumba chake mnakijua ni kidogo. Huwezi kukaa humo saa tatu na mtu, goti kwa goti, mkinywa kutoka birika moja, mkaendelea kutazama ukuta. Hatutasema kwamba tulipatana siku hiyo. Mzee wetu mmoja wa besi na mwingine wa sauti ya tatu walikaa bila kusemezana mpaka mwaka uliofuata. Lakini Jumapili iliyofuata tulikuwa thelathini na wanne, na tuliimba. Mkokoteni, tuligundua baadaye, haukuwa umeharibika chochote.

Hapa sasa tunaomba mtuvumilie. Sehemu inayofuata kamati iliijadili sana kama isomwe au isisomwe. Tulipiga kura. Waliosema isomwe walishinda kwa kura mbili.

Miaka michache baada ya hapo tuliamua kurekodi video yetu ya kwanza. Mnaikumbuka, tuliiuza hapa nje ya kanisa. Kamati ya wakati huo, na baadhi yetu tunaosimama hapa tulikuwemo, iliona kwamba kwaya ikionekana kwenye televisheni inafaa ionekane changa. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliandika barua kwa wanakwaya wote waliopita umri wa miaka 60. Walikuwa tisa. Barua ilikuwa nzuri, ilikuwa na mstari wa shukrani na muhuri, na ilisema kwamba kuanzia sasa wao watakuwa washauri wa kwaya.

Shosho alisomewa barua yake na mjukuu wake, kwa kuwa miwani ilikuwa imevunjika. Mjukuu huyo alikuwa sauti ya kwanza na alikuwa na joho la video limeshapimwa. Anasema Shosho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mshauri hukaa wapi?"

Hatukuwa tumelifikiria. Hapakuwa na kiti cha mshauri. Wanane kati ya wale tisa walirudi kukaa na waumini, na wawili wao, tunasema kwa uchungu, walihamia parokia nyingine na hawakurudi. Shosho alichagua ncha ya benchi lile la kwanza, upande wa kushoto, lililo karibu zaidi na kwaya, na akaendelea kuimba sauti ya pili kutoka hapo. Mwalimu wa wakati huo aliona haya kumwambia anyamaze, na sisi tuliona haya kumwangalia. Alhamisi majoho yalifuliwa. Jumamosi chai ilikuja. Joho lake mwenyewe, la 46, alilifua na kulipiga pasi pamoja na mengine na kulileta kila Jumapili, mpaka alipoambiwa kwamba amepewa msichana mwingine. Akaenda akamtafuta msichana huyo na kumpunguzia mikono.

Video yenyewe ilitoka. Iliuzwa vizuri. Tuna nakala zake nyingi bado stoo.

Mwezi Machi 2020 korona ilifunga makanisa yote. Mnakumbuka kafyu, mnakumbuka Misa ya kwenye simu. Mwezi Julai serikali iliruhusu ibada kwa masharti: watu wasiozidi 100, saa moja tu, bila mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu aliyezidi miaka 58. Shosho alikuwa amepita miaka themanini. Mabenchi yakawekwa alama, milangoni watu wakapimwa joto, na ncha ya lile benchi la kwanza ikawa tupu.

Katika muda ule wa kukaa bila kazi, mwalimu wetu wa sasa aliazimia kuzipiga picha nota zote za zamani na kuziweka kwenye simu za wanakwaya. Tulifungua lile sanduku la mbao la sakristia. Mchwa walikuwa wametutangulia. Karatasi zote za mwalimu wetu wa kwanza, zile za mashine ya stensili, zilikuwa zimebaki kingo tu. Nyimbo nyingine tulizipata kwingine, kwa kuwa ziliimbwa na kwaya nyingi. Lakini ule wimbo wa sadaka alioutunga yeye mwenyewe kwa ajili ya kwaya hii, wa kwanza kabisa kuimbwa na kwaya hii, haukuwa na nakala nyingine. Kaseti yake ilikwisha liwa na redio zamani. Mwalimu mwenyewe ni marehemu. Waimbaji wa wakati huo wengine wamelala, wengine wamestaafu na kurudi mashambani.

Mtu akasema, "Shosho anaujua."

Tulienda watatu, Jumapili alasiri, tukiwa na barakoa, tukabeba unga, sukari na sabuni. Tulikaa nje barazani, mbali naye hatua mbili. Alituuliza kwaya inaimbia wapi siku hizi. Tukamweleza kwamba kila mmoja anaimba sehemu yake nyumbani kwenye simu, kisha kijana mmoja anaziunganisha. Akafikiri. "Kwa hiyo hakuna safu?" Tukasema hakuna. Akacheka kidogo, kisha akasema, bila hasira yoyote, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuligusa jambo hilo, "Kwaya ilinistaafisha, sasa na kanisa limenistaafisha."

Mwenyekiti wetu alivua miwani. Alianza kusema kwamba ile barua, ile barua, ilikuwa... Shosho akamwambia, "Kunywa, chai inapoa."

Hatujui kama hiyo ni kusamehewa. Tumejadiliana sana tangu siku hiyo, na hatukubaliani. Tunaloweza kusema ni kwamba msamaha tuliokwenda kuuomba miaka mingi baada ya wakati wake haukumaliziwa kuombwa, na leo tunaumalizia hapa mbele ya watoto wake: tulikosea, Shosho. Na ninyi wengine wanane, waliohai na waliotangulia, tuliwakosea.

Kisha tukawasha simu, naye akaimba. Beti zote tatu na kiitikio, macho yamefungwa, kidole kikipiga mkono wa kiti. Hakusita hata mara moja. Sisi tulitazamana, kwa sababu kadiri alivyoendelea ndivyo tulivyozidi kutoelewa ule ni wimbo gani. Ulikaa juu ya nota moja, ukashuka kidogo, ukarudi palepale. Alipomaliza, mwalimu akamwomba kwa upole atuimbie sasa na sauti ya kwanza.

"Hiyo siijui," akasema. "Mimi ni sauti ya pili."

Miaka yote alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa sauti ya kwanza, na hakuwahi kuiimba, hata akiosha vyombo. Tulirudi nyumbani na wimbo mzima wa sauti ya pili na hakuna wimbo.

Mwalimu alifanya kazi miezi minne. Aliisikiliza sauti ile ya Shosho usiku na mchana, akitafuta ni nyimbo gani zinaweza kukaa juu ya nguzo ile. Babu mmoja wa besi aliye shambani alikumbuka nusu ya kiitikio, akatuimbia kwa simu huku ng'ombe wakilia nyuma yake. Kila mwalimu alipopata kipande, alikipeleka kwa Shosho barazani, na Shosho aliimba sauti yake juu yake. Kikigongana alitikisa kichwa. Kikikaa, alisema, "Hapo, hapo ndipo aliposimama yule mama wa mbele yangu." Hivyo ndivyo tulivyojenga wimbo, kutoka katikati kwenda nje. Mabinti zetu wa sauti ya pili walijifunza kwa kusikiliza simu hiyo, na kwa hiyo wanaimba "areruya", wote, na hatukuwarekebisha.

Aliusikia ukiimbwa wote mara moja tu, makanisa yalipofunguliwa kwa watu wa kila umri, akiwa kwenye benchi lake. Tulimwomba apande asimame katika safu. Alisema magoti hayataki ngazi. Alipotutoka tuliuimba katika Misa yake, na joho la 46 lililazwa juu ya jeneza.

Leo tutauimba wakati wa kutoa sadaka. Kuna jambo moja tunataka mjue kabla ya hapo. Katika ubeti wa pili kuna mahali sauti ya pili hunyamaza mapigo manane. Tulipomuuliza Shosho wenzake walikuwa wanaimba nini hapo, alisema, "Hapo mimi nilikuwa ninapumua." Mwalimu ametunga kitu cha kupajaza mara tatu, na mara tatu amekifuta. Kwa hiyo leo mtasikia kayamba peke yake, mapigo manane, kama alivyopiga kwa kidole kwenye mkono wa kiti. Msidhani tumepotea.

Kama yupo kati yenu aliyekuwa katika kwaya miaka ile, au mama yake au shangazi yake alikuwamo, na nyumbani kwenu kuna aliyekuwa akiuimba wimbo huo jikoni, tunaomba amwone mwalimu baada ya Misa. Atakuwa nyuma ya ukumbi, kwenye chai. Sufuria ni ileile, na tangawizi imetiwa.